Mti Niliouvua Nguo Zote

Mama mkwe wangu, Bibi Sawano, hakuwa mtu wa kupayuka. Laiti angekuwa. Mtu anayepayuka unamjibu, mnarushiana maneno, jioni mnakula pamoja yamekwisha. Yeye ukimkosea alinyamaza, akaendelea kusokota nyuzi zake, na ule ukimya ukawa unakufuata jikoni, kisimani, hadi kitandani. Niliishi naye nyumba moja miaka kumi na mitatu, katika kijiji chetu kando ya Mto Saru, kaskazini mwa Japani, na mara alizoniambia zaidi ya maneno mawili matatu kwa mpigo naweza kuzihesabu kwa vidole.

Niliolewa na mwanawe Tomezo mwaka 1958, nikitokea mji wa viwanda huko pwani. Mimi ni Mwainu kama wao, wa wenyeji wa asili wa kaskazini hii, ila kwetu jambo hilo halikutajwa. Baba yangu akilisikia neno hilo redioni alikuwa anazima redio. Basi nilifika kijijini na viatu vya kisigino, na ujinga wa kujaza gunia. Bibi Sawano alinitazama miguu, akaniletea viatu vya majani vya kuvaa, na hivyo ndivyo alivyonikaribisha.

Alikuwa fundi wa kufuma. Wakati ule wanawake waliokuwa wakifuma nguo ya gome walishakuwa wachache, na wazee wote walikubali kwamba hakuna aliyemzidi yeye. Kitambaa chake kilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa, kikavu na kikakamavu kikiwa kipya, kisha kinalainika mwilini mwaka hadi mwaka. Mvua ya manyunyu haikipenyi. Alikaa sakafuni, mkanda wa kitanda chake cha kufumia umemzunguka kiuno, ncha ya pili ya nyuzi imefungwa kwenye nguzo ya nyumba, akawa anavuta kwa mgongo wake mwenyewe. Akienda mjini alifunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu alichanjwa chale midomoni kwa desturi yetu, zamani za usichana wake, na watoto wa mjini walikuwa wakimcheka. Akifuma hakufunika chochote.

Gome lenyewe hutoka kwenye mti ambao vitabuni wanauita elmu. Sisi tunauita mti wa nguo. Ipo miwili iliyo ndugu katika misitu yetu. Mmoja hukua bondeni, mkubwa, shina limepasukapasuka, mizizi yake mikavu ndiyo waliyopekechea moto wazee wa zamani. Gome lake likikauka linakatika, halifai kwa nyuzi nzuri. Wa pili hupenda korongo na kivuli cha mlima, na huo ndio wetu. Bibi Sawano alinifundisha kuutambua kwa jani, kabla hajanifundisha kupika supu ya samaki namna wanavyoipenda kwao.

Jani lile limepinda pale linaposhika kikonyo: upande mmoja unashuka chini kuliko mwenzake, kama shati lililokosewa kifungo. Hiyo ni alama ya ukoo mzima. Ila wa kwetu una ziada, kwa kuwa ncha ya jani imegawanyika pembe tatu, wakati mwingine tano. Ukilipitisha shavuni linakwaruza. Maua hutangulia majani, theluji ikiwa bado chini, madogo mekundu ambayo usipoyatafuta huyaoni. Mwezi wa sita mbegu zinaanguka, kila moja katikati ya kibawa chembamba cha mviringo, na upepo unazitawanya kwenye njia zote. Hapo maji yamepanda shinani, na gome linakubali kutoka.

Sasa sikilizeni namna linavyotolewa, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kwa wazee wetu, mti ni mgeni aliyekuja kututembelea akiwa amevaa gome. Unamwendea na uwele kidogo na tumbaku kidogo, unaviweka mizizini, unamwambia umekuja kumwomba kipande cha nguo yake. Kisha unakata alama chini kwa shoka, upana wa viganja viwili, basi. Unapenyeza vidole, unalishika gome kwa mikono miwili, unavuta huku ukirudi nyuma, na linapanda juu likilia hadi kwenye matawi, likizidi kuwa jembamba mpaka linakatika na kukuangukia. Ukimaliza, unachukua ukanda wa gome lenyewe unauzungusha mtini na kuufunga, ili upepo usije ukaikamata nguo iliyobaki na kuirarua. Mti unapona, kovu linajifunga taratibu. Niliwahi kuonyeshwa kovu la mama yake Bibi Sawano, limebaki mstari tu.

Mwaka 1961 magoti ya Bibi Sawano yalivimba vibaya. Na mwaka huo ndio aliokuwa amekusudia kupata gome la vazi lake la safari. Kwetu mwanamke hutengeneza mapema nguo atakayozikwa nayo, ya mume na yake. Ya mumewe aliishona, na mzee alishaondoka nayo. Yake ilikuwa bado, naye alikuwa na miaka sitini na sita. Tomezo alikuwa kambini kwa kazi ya kukata mbao. Nikajitolea kwenda mimi.

Alinieleza yote, mara mbili. Akanifungia uwele na tumbaku katika kitambaa cha maua ya njano, kilichokatwa kwenye gauni langu la mjini lililochakaa. Nikakiweka kifuani nikaondoka, nikijiona mtu mzima.

Mti niliupata, tena mzuri, umenyooka. Ukanda wa kwanza ulitoka vizuri mno hata nikacheka peke yangu pale msituni. Nikavuta wa pili. Wa pili nao ukatoka mzima hadi juu. Nilikuwa nimechomwa na jua na kuumwa na mbu, na kichwani nikapiga hesabu za kipumbavu: nikimletea mara tatu ya alichoagiza, ataacha kunitazama miguu. Atawaambia majirani kwamba mke wa Tomezo ni mwanamke. Nikavua wa tatu na wa nne, nikazunguka shina lote mpaka nikarudi nilipoanzia. Nilipotaka kufunga mkanda nikaona hakuna nguo iliyobaki ya kufungiwa. Nikaona basi, kazi imepungua. Nikabeba mzigo wangu, kamba imenibana kipaji cha uso, nikashuka mlima nikiimba.

Bibi Sawano alikuwa ameketi mlangoni. Alikunjua kanda zile moja moja, akizipima kwa viganja.

"Mti umeuacha na nini?" akauliza.

"Sikuacha kitu, Mama. Nimeleta zote."

Nilipoinama kuvua viatu, kile kifurushi cha maua ya njano kikaanguka kutoka kifuani. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Alikiokota, akakitia mkononi mwa vazi lake, akaingia ndani. Usiku huo chakula nilikula peke yangu.

Asubuhi akanitaka nimpeleke. Kwa mguu mzima ni mwendo wa saa moja. Tulitumia saa nne, ameniegemea begani, na kila hatua nilisikia pumzi yake ikikatika kwa maumivu. Mti ulikuwa umesimama mweupe, umelowa utelezi, uchi kuanzia mizizini hadi kwenye matawi. Juu majani yalikuwa mabichi yanachezacheza, hayana habari. Bibi Sawano aliweka kiganja chake pale penye weupe. Kisha alifungua kilemba chake cha kichwani, akakizungusha shinani, akakifunga fundo. Mimi nilianza kulia, na sikulia kwa ajili ya mti, nililia aibu yangu.

"Utakuwa na majani hadi vuli," akasema. "Labda na mwakani kidogo. Halafu basi."

Nikamwomba radhi. Alikaza fundo la kilemba kwanza, ndipo akanigeukia.

"Wapo wanaosema tukifa hatukutani na hawa tuliowavua nguo. Mimi nasema tutakutana nao," alisema. "Gome hili silivai. Nikifika nimelivaa, nitamwambia nini? Ni lako. Utalisokota, utalifuma, utalishona vazi lako la safari. Siku yako ikifika utalivaa, ukaongee naye mwenyewe."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mtu wa umri ule haambiwi habari za sanda yake akarudi nyumbani akala vizuri.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Tulilowesha gome kwenye dimbwi lenye maji ya uvuguvugu, siku kumi, na kila siku nilitumwa kulishika, kwa sababu likizidi linaoza na likipungua halibanduki. Linanuka, na linatoa utelezi mzito. Bibi Sawano aliukamua kidogo akajipaka kwenye magoti. Nikaliosha mtoni. Likaanza kuachana lenyewe, tabaka juu ya tabaka, kurasa baada ya kurasa. Tukaanika. Kisha ukaja msimu wa baridi na kuchana nyuzi kwa kucha, kuziunga kwa fundo dogo, kuzisokota, kuzikunja ziwe donge. Mikono ilipasuka. Mama mkwe aliketi upande wa pili wa moto, na nilipokosea alinyoosha mkono, akafumua, akanirudishia.

Vazi langu lilinichukua misimu mitatu ya baridi. Sitaki kudanganya, lilikuwa baya. Pengine uzi mnene, pengine mwembamba, pindo moja limeenda mbio kuliko jingine. Jirani yetu Matsuyo, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alikuja kulitazama.

"Mke wa Tomezo," akasema, "hiki ni kitambaa au uzio wa kuku?"

"Ni cha kuzikia," nikamjibu. "Nikuazime?"

Bibi Sawano aliinama juu ya nyuzi zake, na nadhani alikuwa anacheka. Vazi lenyewe alilipa jina, akaliita Mkorofi.

Naye alipata gome lake mwaka uliofuata. Tulipanda wote wawili. Yeye alikaa juu ya jiwe akanisimamia, nami nikaweka uwele, nikasema maneno, nikavuta ukanda mmoja, nikafunga mkanda. Tulitembelea miti mitatu, kila mmoja ukanda wake. Kwa nyuzi zile alifuma kitambaa ambacho sijaona mfano wake hadi leo. Alikishona vazi, akalidarizi kwa mistari inayopinda na kumalizika kwa miiba mabegani na mgongoni, ili kibaya kisimkaribie kwa nyuma. Tukayaweka sandukuni, lake juu, Mkorofi chini. Sanduku lile sikulipenda. Nikifagia chumba kile nilifagia upesi. Leo najicheka, lakini wakati ule niliogopa kwelikweli: nilijiona nimefika mahali nisipopajua, sina mtu, nimevaa ngozi ya yule niliyemuua, naye yuko mlangoni ananingoja.

Mti ulikufa kama alivyosema. Mwaka wa pili majani yalitoka madogo, wa tatu hayakutoka. Kilemba kikaoza kikaanguka. Kila mwezi wa sita nilipopita njia ile kwenda kwenye miti mingine niliinamisha kichwa.

Kisha, kiangazi cha mwaka 1970, Matsuyo aliingia na kikapu kimejaa uyoga wa njano, ule unaoota kwenye elmu zilizokufa, unaonukia hata kabla ya kupikwa.

"Nimeutoa kwenye mti wako," akaniambia. "Umejaa kuanzia chini hadi juu. Una mkono mzuri, mwenzetu, hebu niulie na wa kwangu."

Sikuweza kuugusa. Matsuyo mwenyewe akaupika supu, na mimi nikasema sina njaa. Bibi Sawano, ambaye siku hizo alikuwa anakula kama ndege, alimaliza bakuli akaomba la pili. Alikunywa taratibu. Akauliza ni mti upi, ingawa alikuwa amesikia.

"Ule, Mama," nikasema.

"Bado unatoa," akasema, na akarudisha bakuli.

Majira ya baridi kifua kilimshika na hakikumwachia. Mwezi wa pili alikuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Daktari alikuja, akaacha dawa, akamwita Tomezo nje wazungumze. Siku moja mchana, mimi nikiwa natia kuni, akaniita kwa jina. Kwa kawaida aliniita wewe.

"Misao. Mkorofi yuko wapi?"

"Yuko sandukuni, Mama. Chini ya vazi lako."

"Mlete. Nitaondoka na huyo."

Nilidhani homa imempanda kichwani. Nikamwambia, taratibu kama unavyomwambia mgonjwa, kwamba Mkorofi ni wangu, lake ni lile zuri lenye miiba.

"Najua lipi ni lipi, nimezeeka macho, sijazeeka akili," akasema. "Lile zuri utavaa wewe. Mimi natangulia. Ukija utakuta nimeshamaliza maneno naye."

"Lakini ulisema niende mwenyewe."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira, na magoti yalikuwa yananiuma." Akakohoa, nikamshika, akatulia. "Na nani alikutuma peke yako? Mtoto wa mjini, hajui hata msitu unanukaje, namtuma mlimani peke yake kwa vile nina haraka ya sanda. Tulikosea wawili. Sasa wewe uende ukasimame pale peke yako kwa nini?"

Nilipiga magoti nikashika mguu wake chini ya blanketi, kwa sababu uso wake sikuweza kuutazama.

"Halafu umelifuma vibaya mno," akaongeza. "Wakiniona nimelivaa watanihurumia kabla sijafungua mdomo."

Nililileta. Lilikuwa limekatwa kwa urefu wangu, na yeye mwanamke mfupi. Mikono ilimfunika hadi ncha za vidole. Akaomba sindano. Nikasema nitalipunguza mimi. Hakunipa. Wiki nzima, siku alizopata nguvu, alikunja na kushona, mishono miwili mitatu halafu analala. Nilipotaka kusaidia alilivutia vazi kwake kama mtoto mwenye kitu chake. Nikamwachia. Nilidhani kwamba hataki nimharibie tena.

Alikufa mwishoni mwa mwezi wa nne, asubuhi, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu. Korongoni miti ya nguo ilikuwa imetoa yale maua yake madogo mekundu. Matsuyo alikuja tukamwosha pamoja, na siku hiyo hata yeye hakutania. Alipoliona vazi tulilokuwa tayari kumvisha, alinitazama mimi, akalitazama sanduku, akataka kuuliza. Nikamwambia ndivyo alivyoagiza. Akaitikia kwa kichwa, akanisaidia kumwinua.

Kwetu kitu hakimfuati marehemu kikiwa kizima. Bakuli lake linavunjwa, kisu kinapindwa, vazi linakatwa kidogo, ili roho ya kitu hicho itoke iende naye. Kazi ya kukata ilikuwa yangu. Nilichukua mkasi, nikashika pindo la mkono wa kulia, pale alipokunja na kushona mwenyewe. Mkasi ukagonga kitu. Nilidhani ni fundo la uzi, kwa kuwa Mkorofi hakukosa mafundo. Nikafumua mishono mitatu kwa ncha.

Ndani mlikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa cha maua ya njano. Maua yalikuwa yamefifia, lakini gauni langu nalijua. Nilikifungua. Uwele ulikuwa umegeuka vumbi na tumbaku haikuwa na harufu tena. Alikuwa amekitunza miaka kumi, tangu siku nilipokiangusha mlangoni.

Matsuyo aliuliza kuna nini. Nikasema hakuna, ni mzigo wangu tu, Mama ananipelekea. Niliinuka nikaenda jikoni, nikachukua uwele mpya kiganja kimoja na tumbaku ya Tomezo iliyokuwa rafuni, nikaviongeza juu ya vile vya zamani, nikafunga tena. Nikakirudisha ndani ya pindo la mkono wake, nikakata vazi pembeni kidogo ili nisikiguse, kisha nikashona ile mishono mitatu kwa mkono wangu.